Ukibebwa, Bebeka

Kwa miaka 11 nilimbeba kaka yangu mgongoni. Tunaishi ghorofa ya tatu, katika jengo la zamani lisilo na lifti hapa Mchafukoge, si mbali na Mnara wa Saa. Ngazi zipo 57. Asubuhi nilimshusha hadi barazani, nikamketisha kwenye benchi karibu na meza yake ya kutengeneza simu, kisha nikapanda tena kufuata kiti chake cha magurudumu. Jioni nilianza na kiti, nikamalizia na yeye.

Watu walinisifu. Mzee mmoja wa duka la vitambaa ng'ambo ya barabara alikuwa akiinuka kila akituona, anasema Mungu atanilipa. Mama wa ghorofa ya pili aliwahi kuwaita wanawe mlangoni waje waone undugu ni kitu gani. Sitadanganya, nilizipenda zile sifa. Sikuwa nimefaulu sana shuleni, kazi zangu zilikuwa za kubangaiza, lakini jambo moja hakuna aliyeweza kulitilia shaka: nilikuwa mtu mwema, na ushahidi ulikuwa mgongoni kwangu.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya gari. Nimeanza na ngazi kwa sababu bila ngazi hizo gari halieleweki.

Mwaka 2014 niliugua malaria, nikalala siku nne. Mama akamtafuta kuli wa Kariakoo, kijana wa kubeba mabelo ya mitumba, wakakubaliana shilingi 2,000 kwa siku kumshusha na kumpandisha kaka. Nikiwa kitandani niliwasikia wakicheka ngazini. Siku ya tano nilipoinuka, kaka akaniambia nipumzike wiki nzima, kuli aendelee. Nikamwambia tutamaliza hela bure. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dogo, yule ananibeba, namlipa, tumemalizana. Wewe na mimi hatumalizani."

Nililichukulia kama tusi. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamshukuru kuli, nikarudi kazini kwangu, yaani mgongoni.

Miaka miwili baadaye, mwendokasi yalipoanza, tulikwenda kituo cha Gerezani kuyajaribu. Sakafu ya basi ilikuwa usawa mmoja na jukwaa la kituo. Mlango ukafunguka, kaka akasukuma magurudumu yake, akaingia. Basi. Mimi nilibaki jukwaani, mikono nimeinyoosha nusu, tayari kumdaka mtu ambaye hakuwa anaanguka. Kaka akageuka: "Unapanda au hupandi?"

Nilipanda. Lakini kuanzia kituo hicho hadi Kimara nilikuwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu ningemwelezaje? Ningesema nimesikitika kwa kuwa kaka yangu ameingia kwenye basi?

*

Kabla ya ajali ya 2011 kaka alikuwa dereva wa Fuso. Alipeleka bidhaa za madukani Kibiti, Ikwiriri na Utete, akarudi na mbao, ufuta au korosho, kutegemea msimu. Gari lilipoharibika porini alilala porini, juu ya turubai, na kuna usiku mmoja kando ya mto Rufiji, upande wa Mloka, ambao amenisimulia mara nyingi kuliko nilivyomsikia akisimulia habari za mwanamke yeyote. Hakuna tukio ndani yake. Viboko wanakoroma, kuna mbalamwezi, yeye na utingo wake wamekula ugali na samaki, mwisho wa hadithi.

Ajali ilimvunja uti wa mgongo usawa wa kifua. Mikono ilibaki mizima. Akajifunza ufundi simu, akapata wateja, na kimyakimya akawa anaweka akiba. Mwaka 2022 akaita kikao: mimi, mama, na mjomba kutoka Mbagala. Akasema ana shilingi milioni 14. Mama alipiga vigelegele. Hesabu yake ilikuwa tayari kichwani: kiwanja Chamazi, vyumba viwili, nyumba ya chini, na hadithi ya ngazi ingeishia hapo.

Kaka akasema anataka kununua Hiace iliyotumika, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, ailete Gerezani itengenezwe kitanda, jiko, choo, na njia ya kuingilia na kiti chake, ili aende Rufiji akalale porini.

Mjomba aliuliza kama anaumwa. Mama alinyamaza, na mama yetu akinyamaza ujue amelia. Mimi ndiye niliyesema zaidi. Nilisema huo ni ubinafsi. Nilisema kuna mtu hapa anapanda ngazi 57 kila siku na kifua kikimbana, na hela ya kumpumzisha ipo, inataka kwenda kutazama viboko.

Kaka alingoja nimalize. "Mama, nisamehe," akasema, akimtazama yeye, si mimi. "Ngazi zinawachosha ninyi, nalijua, na nikihama Chamazi mtapumzika. Lakini mimi nitakuwa nimekaa Chamazi. Nitakuwa mbali na wateja wangu, nimekaa tu sebuleni, pahali pazuri pasipo na ngazi. Shida itakuwa imekwisha, ila itakuwa shida yenu."

*

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, na limenifundisha kutofautisha maneno mawili: haja na hamu.

Kiswahili kinaita kwenda chooni kwenda haja. Kwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo, haja hiyo ndiyo mazungumzo ya kwanza ya nyumba nzima. Mpira wa mkojo umebadilishwa? Amekunywa maji ya kutosha, asije akapata maambukizi? Amejiinua kwenye kiti, au amekalia upande mmoja saa nzima hadi kidonda kianze bila yeye kusikia? Kwenye mambo haya sote tulikuwa hodari. Tulijua mto wa kukalia uko wapi, tulijua dawa zake kwa rangi. Kwa miaka 11 hatukuwahi kumkosesha haja hata moja.

Na kwa miaka 11 hakuna aliyemuuliza ana hamu ya nini.

Hatukuwa wabaya. Nadhani hamu ya mtu anayebebwa ina gharama ambayo haja haina. Haja ikitimizwa inakwisha, na aliyetimiza anapata thawabu. Hamu inaomba zaidi ya huruma: inaomba umchukulie mwenzako kuwa mtu kamili, mwenye mambo ya kipuuzi anayoyapenda kama wewe. Mimi nina hamu zangu. Nimewahi kupanda basi hadi Morogoro kutazama mpira timu ikafungwa, na hakuna aliyeitisha kikao. Mlemavu anaruhusiwa kuhitaji. Akianza kutaka, tunamuuliza kama anaumwa.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi na watu wenye ulemavu alinibana kwa swali gumu zaidi. Kwa milioni 14, alisema, ungenunua viti vingapi vya magurudumu kwa watu wanaotambaa? Sikuwa na jibu, na bado sina zuri. Niligundua tu kwamba rafiki yetu mwingine alinunua Harrier mwaka huohuo, ya kwendea Bagamoyo wikiendi, na swali hilo hatukumpelekea. Tulimpongeza. Kama swali ni halali, na naamini ni halali, basi ni letu sote kwa uzito uleule. Haliwezi kuwa kodi anayolipa mwenye kiti peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara nzima, ya 30, inayozungumzia utamaduni, mapumziko, michezo na hata utalii. Nilipoisoma nilishangaa. Nilidhani haki zinaishia hospitalini na shuleni. Kumbe walioandika walijua kwamba mtu hawi mtu kwa kupata dawa tu.

Hela, hata hivyo, zilikuwa za kaka. Gari likanunuliwa. Lilikuwa daladala zamani, paa la juu, viti vimetoboka, na kwenye kioo cha nyuma mabaki ya neno ambalo hatukufanikiwa kulisoma.

*

Ukitoka Mchafukoge ukavuka kuelekea Gerezani, sauti ya mji hubadilika, inakuwa ya chuma. Kuna wanaouza spea, wanaokata mabomba, wanaochomelea mageti, majiko na majukwaa ya matangazo. Fundi wetu alikuwa mtu wa makamo ambaye alikuwa ametengeneza kila aina ya matoroli, lakini gari la namna hii hakuwahi. Siku ya kwanza aliniuliza mimi: "Sasa yeye atakuwa anakaa upande gani?" Kaka alikuwa mbele yake, umbali wa hatua mbili. "Muulize mwenyewe," nikasema, nikajiona muungwana. Nitaeleza punde kwa nini nilikuwa mnafiki.

Wazo la kwanza lilikuwa mteremko wa chuma wa kukunja. Baada ya kuongeza springi na kuweka matairi makubwa, sakafu ya gari ilikuwa sentimita 72 kutoka chini. Kaka akapiga hesabu kwenye simu. Kipimo kinachopendekezwa kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu. Mara 72, ni mita 8 na sentimita 64. Mteremko ungekuwa mrefu kuliko gari lenyewe. Fundi akasema tuuweke mfupi, mdogo wake atakuwa anamsukuma. Kaka akasema hapana. Alisema hapana mara chache sana mwezi ule, na kila mara ilikuwa kwa sababu ya sentensi yenye neno "atakuwa anamsukuma".

Ndipo likaja wazo la jukwaa la kuinua. Reli mbili za chuma zikachomelewa nyuma kwenye chasisi, na kati yake likawekwa jukwaa la bati nene lenye vipele, lenye ukingo wa kuzuia magurudumu yasiteleze. Juu ikafungwa winchi ya volti 12 inayotumia betri ya gari. Fundi aliongeza pini mbili za kujifunga jukwaa likifika juu, ili kamba ya chuma ikikatika mtu asiporomoke, na mpini wa kuzungusha kwa mkono endapo betri itakufa. Tulilijaribu kwa mifuko minne ya saruji, kilo 200, zaidi ya mara mbili ya uzito wa kaka na kiti chake. Mifuko ilipanda na kushuka mara kumi. Wauza spea waliacha biashara wakaja kutazama.

Ndani, kitanda kilipimwa kiwe sawa na kimo cha kiti, ili ahamie kwa ubao bila kuinuliwa. Tuliweka sufi ya kuzuia joto kwenye paa, na feni mbili, kwa sababu mtu aliyevunjika uti wa mgongo huko juu hatoki jasho vizuri chini ya jeraha, na mwili wake ukipata joto la Rufiji unaweza kushindwa kujipoza. Kiti nacho kilihitaji kufungwa sakafuni pembe zote nne gari likiwa kwenye mwendo. Nilikwenda Kariakoo kununua mikanda. Iliyopo ni ya kufungia shehena kwenye malori. Kaka alipoisoma lebo alicheka hadi akakohoa. "Hata humu mimi ni mzigo."

Kisha ikabaki swichi, yenye vitufe viwili, juu na chini.

Fundi aliniuliza ikae wapi, safari hii kaka akiwa barazani kwake na wateja. Nikamwonyesha: nje, ubavuni mwa gari, kimo cha bega langu. Nilimweleza sababu, na zote zilikuwa nzuri. Anayesimama nje anaona jukwaa lote, anaona kama mguu umeteleza, anaona kama kuna mtoto chini. Ni usalama. Fundi akatoboa tundu.

Jioni kaka aliliona lile tundu. Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo nikiwa ndani, natokaje?"

"Utaniita."

"Na wewe ukiwa umelala?"

"Nitaamka."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sijapona nalo hadi leo: "Dogo, hii swichi unamtengenezea nani?"

*

Kuna msemo tunaupenda sana hapa mjini: ukibebwa, bebeka. Tunauimbia timu iliyopewa penati, tunamwambia mpwa aliyetafutiwa kazi na mjomba. Maana yake, anayesaidiwa afanye wepesi, ashike vizuri, asirushe miguu. Ni ushauri mzuri. Nimembeba mtu miaka 11, nauthibitisha. Lakini msemo huo ni wa mbebaji. Unazungumzia mgongo tu, na hausemi kitu kuhusu njia. Aliyebebwa anaambiwa awe mwepesi. Kwamba anaelekea wapi, hilo limeshaamuliwa na mwenye miguu.

Mtaa wa jirani yetu una jina linalojua habari hii kuliko sisi. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Sanamu la Askari pale Samora, lililosimikwa mwaka 1927, linaonyesha mtu mwenye bunduki, lakini maandishi yake yanawataja pia wapagazi, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi, na bonde la Rufiji lililofurika mwaka 1917 lilikuwa miongoni mwa makaburi yao makubwa. Katika pori hilohilo, Beho Beho, aliuawa Januari mwaka huo mwindaji Mwingereza Frederick Selous. Yeye ana kaburi lenye jina, na pori likapewa jina lake. Wapagazi walipewa jina la soko.

Wapagazi wale walikuwa wabebaji wasioulizwa njia. Kwetu ilikuwa kinyume: asiyeulizwa njia alikuwa anayebebwa. Zamani niliona hizi ni hali mbili tofauti. Sasa naona ni dhuluma ileile imegeuzwa tumbo na mgongo: miguu iko kwa mmoja, uamuzi uko kwa mwingine, na mmoja wao anashukuriwa.

Shuleni tulikaririshwa Azimio la Arusha la 1967 kwamba ni siasa ya ujamaa na kujitegemea. Tuliyataja maneno hayo mawili kwa pumzi moja, kama chumvi na pilipili. Leo nadhani yanavutana. Ujamaa unasema hatuachani, nitakubeba. Kujitegemea kunasema simama mwenyewe. Mwanafalsafa wa Marekani Eva Feder Kittay, ambaye amemlea binti mwenye ulemavu mkubwa na kuandika kitabu kuhusu utegemezi mwaka 1999, anashikilia kwamba kutegemea wengine si ajali ya watu wachache; ndiko tulikoanzia sote, na wengi wetu ndiko tutakakoishia. Sisi tuliofungwa mbeleko hatuhitaji kushawishiwa kuhusu hilo. Lakini ukweli huo haukunisaidia pale Gerezani. Kwamba sote tunategemeana hakukuniambia swichi ikae wapi.

Kilichonisaidia ni lile tundu. Sababu zangu za usalama zilikuwa za kweli, na nilizitumia kuficha ya kweli zaidi. Nilitaka aniite. Nilitaka pawepo, hata porini, hata ndani ya gari alilolinunua kwa jasho lake, mlango mmoja ambao funguo yake ni mimi. Wema wangu ulikuwa na njaa, na kwa miaka 11 ulikuwa ukila miguu ya kaka yangu.

Kesho yake niliamkia Gerezani. Fundi akaziba tundu, akavuta waya hadi kwenye nguzo ya jukwaa, kimo cha mkono wa mtu aliyekaa. Nikamwomba aweke swichi ya pili ndani, karibu na kitanda. Ya nje hatukuweka kabisa. Labda ilikuwa kosa. Fundi mwenye busara angeweka zote tatu, na ukitengeneza lako nakushauri uweke zote tatu. Kaka ndiye aliyekataa, na gari lilikuwa lake.

*

Tuliondoka Juni 2023, alfajiri, kwa barabara ya Kilwa: Mbagala, Mkuranga, Kibiti, kisha tukaiacha lami kuelekea Mloka, kijiji kilicho jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Niliendesha. Kaka, amefungwa kwa mikanda ya shehena nyuma yangu, aliniendesha mimi. Punguza. Shika kulia, kushoto pana shimo chini ya yale maji. Alikuwa hajapita pale miaka 12, na aliikumbuka barabara kama mtu anavyokumbuka meno yake kwa ulimi.

Hata hivyo tulizama. Mchanga wa korongo moja, si mbali na kijiji, ulimeza matairi ya nyuma hadi jukwaa likagusa chini. Kaka akaagiza tupunguze upepo wa matairi, tukate matawi, tutandike turubai. Vijana watano waliokuwa wakipita na baiskeli wakasimama. Gari likagoma. "Nishusheni," akasema kaka. "Nina kilo zangu."

Jukwaa lilikuwa limezikwa, halishuki. Nikamkaribia, nikageuza mgongo kama ilivyo desturi. Akanigusa bega. "Wewe nakuhitaji kwenye usukani." Akawaita vijana wawili, akawaelekeza namna ya kufungamanisha mikono ikawa kiti, akakaa juu yake, mikono yake mabegani kwao. Wakambeba hadi kivulini. Njiani akawatania kwamba wao ni wepesi kuliko punda, wakacheka, akacheka, na mimi nikaitambua ile sauti. Ilikuwa sauti ya ngazini, ya mwaka 2014, yeye na kuli.

Nilielewa nikiwa nimeshika usukani, jasho linaingia machoni. Kubebwa hakukuwa kumemuumiza hata siku moja. Hapa alikuwa amebebwa na wageni, kwenye mchanga, mbele ya watu, bila jukwaa, bila swichi, na alikuwa mzima kama dereva wa Fuso. Walimbeba kwenye safari yake. Mimi nilikuwa nimembeba kwenye yangu.

Gari lilitoka kwa kishindo. Tukawalipa vijana, wakamalizana.

Usiku ule tulilala pahali pa kupigia kambi walipotuonyesha wanakijiji, juu ya kingo, mbali na njia za viboko. Nilipika ugali na samaki. Viboko walikoroma kweli, sauti ya mtu mnene anayecheka utani wa zamani. Nilingoja kaka aseme kitu kikubwa. Akasema ugali umekuwa mlaini. Kisha akaniambia nikalale, yeye atabaki nje kidogo, karibu na moto.

Sikuwahi kumwacha peke yake mahali. Nyumbani hilo lisingewezekana: peke yake kwa mtu asiyeweza kuondoka kunaitwa kutelekezwa. Nikapanda kitandani kwangu, macho kodo, nikihesabu hatari moja moja. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoisikia winchi. Ilianza polepole, ikavuta, ikakwama sekunde moja, moyo wangu nao, ikaendelea. Pini zikajifunga, moja, ya pili. Magurudumu yakaingia kwenye sakafu ya mbao. Ubao wa kuhamia ukagusa godoro. Nilifumba macho nikajifanya nimelala, kwa sababu hakuwa ameniita.

Tulirudi Jumapili usiku. Mchafukoge ilikuwa imefunga maduka, baraza limejaa maboksi, na ngazi zilikuwa palepale, 57, giza. Gari halikubadilisha hata moja. Mama bado anataja Chamazi, na safari hii kaka hakatai, anasema labda mwakani. Amekwishaanza pia kuulizia mpini wa breki na mafuta wa kutumia mkono, ili aendeshe mwenyewe, na mimi nimekwishaanza kuwa na sababu nzuri za usalama.

Nilipandisha kiti kwanza. Nikashuka, nikamgeuzia mgongo, nikainama. Akashika mabega, akajivuta, akakaa sawa.

"Wapi?" nikamuuliza.

Alicheka kidogo sikioni mwangu. Alidhani natania. Kisha akanyamaza, akalifikiria.

"Ghorofa ya pili kwanza," akasema. "Nina simu ya yule mama, haijachukuliwa wiki mbili. Nataka nigonge mwenyewe."